Mama Mkwe Bwawani

Jumatatu, 8 Juni 2026

Wiki ya tatu bila mke. Nyumba hapa Kiseke imepoa kama jiko la jana. Odeta yuko kwao Magu, na Queen wetu wa miaka minane yuko naye. Sababu? Cherehani! Nilibadilishana na Malimi wa mtaa wa pili. Yeye akachukua cherehani ya Odeta, mimi nikachukua mashine yake ya bisi. Biashara ya akili kabisa. Nani angejua kwamba mashine ile ukiiwasha inazima umeme wa nyumba nzima? Na Odeta alikuwa hajamaliza kushona sare za kwaya. Hakupiga kelele. Alikunja vitambaa, akamshika mtoto mkono, akaondoka. Afadhali angepiga kelele.

Anasema atarudi siku cherehani itakaporudi. Malimi naye anasema niende kuichukua wakati wowote, yeye hana shida. Sawa. Lakini nikiirudisha nitakuwa nimekubali kwamba nilikosea. Sikukosea. Umeme ndio mdogo.

Jumanne, 9 Juni

Wazo! Nitawaita mjini kwa siku moja, twende ile bustani mpya ya michezo ya maji. Mabwawa, mabembea, na bomba la bluu la kuteleza, refu kuliko nyumba ya ghorofa. Mwanamke akishateleza humo, cherehani ataikumbuka ya nini?

Nimempigia. Odeta akampa mtoto simu. Queen akauliza kama tutateleza wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika. Nikaapa kwamba ndiyo. Mimi ni mtoto wa Busisi! Nimekulia kivukoni, nikiuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya magari. Maji nayajua. Siku hizi daraja limefunguliwa, foleni hakuna, na wanunuzi wa mayai hakuna. Mambo yangu yote huishia hivyo.

Wanakuja Jumamosi. Nimecheza peke yangu sebuleni. Halafu nikakaa, maana kucheza peke yako kunachosha.

Alhamisi, 11 Juni

Balaa. Odeta kapiga simu. Anasema aliondoka kwangu watu wakiona, hawezi kurudi kunitembelea peke yake kama msichana. Atakuja na mama yake. Mama Wilhelmina! Nikajibu papo hapo kwamba karibu sana, Mama ndiye mgeni rasmi. Nina tabia ya kukubali kwanza na kuwaza baadaye.

Sasa nawaza. Mkwe! Miaka tisa sijala naye meza moja. Akiingia sebuleni, mimi natoka kupitia jikoni. Tunasalimiana kwa mbali, yeye anatazama ukuta, mimi natazama viatu vyangu. Mkono wake sijawahi kuugusa. Na mtu huyo nimemwalika mahali ambapo watu wote wanazunguka na bukta! Nani mwingine Kanda ya Ziwa nzima kamwalika mkwe bwawani?

Nimemweleza Malimi. Kacheka mpaka akakaa chini. Akasema nichukue cherehani, niachane na bwawa. Watu wengine hawana maono.

Ijumaa, 12 Juni

Mpango umekamilika. Mama atakaa sehemu ya chakula, chini ya mwavuli, ameligeuzia mgongo bwawa. Shemeji Alexander, kaka yake Odeta, atawaleta kwa pikapu yake na kumshikilia Mama kwa mazungumzo. Alikubali haraka mno. Kumbe ana bukta mpya ya njano, anataka kuionyesha. Ni huyohuyo Alexander ambaye kule Magu kila siku natajiwa kama mfano. Ana pikapu, ana ng'ombe, hajawahi kuuza kitu cha mke wake. Ni kweli. Lakini ana maisha gani!

Jumamosi, 13 Juni

Siku mbaya. Naandika bado nikiwa na maji sikioni.

Upepo wa ziwani ulikuwa mkali tangu asubuhi. Nilivaa suruali na koti. Nikamwamkia Mama shikamoo, marahaba ikatoka nyuma ya kitenge. Nikamwelekeza kiti, mgongo kwa bwawa. Vizuri. Odeta kanitazama, akauliza kama huwa nakula. Nikasema nakula bisi. Alikaribia kucheka! Niliona mdomo ukitikisika.

Queen akatoka na nguo yake ya kuogelea. Kashonewa na mama yake kwa mkono, kwa kipande cha kitambaa cha kwaya. Mishono ilikuwa inapinda.

Alexander alijirusha majini na bukta yake ya njano, akamsahau Mama papo hapo. Queen akaniuliza, tayari? Nikasema asubiri kidogo. Akauliza tena. Nikasema asubiri. Alisimama chini ya ngazi za bomba akitetemeka kwa baridi. Mjomba wake akamwita wateleze wote. Akakataa, akasema anamsubiri baba. Nililisikia lile jibu, nikaona koti linanibana.

Nikageuka. Chini ya mwavuli kitenge kilikuwa kimeinama, kimetulia. Mama amelala! Nikakimbia kubadilisha nguo. Tukapanda, nikamshika Queen mbele yangu, tukaachia. Alipiga kelele ya furaha tangu juu mpaka chini. Kwa muda ule mdogo nilikuwa baba hasa.

Kisha bwawa. Maji puani, maji masikioni, mtoto wa Busisi simo! Nikashika kitu cha kwanza nilichokipata. Kitu cha kwanza kilikuwa Mama Wilhelmina. Kumbe kitenge kilikuwa kimefunika mkoba tu. Miguu ilikuwa inamuuma, akaja kuichovya kwenye maji ya kina kifupi. Na mimi huyo, kifua wazi, nimemkumbatia mkwe shingoni kwa mikono miwili, mbele ya umati. Tukakaa chini majini pamoja.

Bwawa zima likatugeukia. Odeta alicheka, akajiziba mdomo, machozi yakamtoka. Halafu akamwona mama yake akitembea kuelekea kwenye pikapu, amelowa, kafunika uso kwa viganja. Kicheko kikaisha. Wakaondoka wote. Queen akanipungia mkono kutoka nyuma ya gari, akasema kwa sauti kwamba angalau tuliteleza.

Nilibaki na mkoba wa chakula. Nilikula peke yangu.

Jumapili, 14 Juni

Nilingoja kuitwa na wazee. Odeta ndiye aliyepiga. Anasema Mama katamka neno moja tu: yeye hakuona kitu, maji yalimwingia machoni. Yameisha. Kilichobaki ni cherehani. Anasema Queen kila jioni anauliza kama imerudi.

Kwa nini watu hawa wanapenda kurudia jambo lilelile?

Jumanne, 16 Juni

Malimi kaja na mkokoteni bila kuitwa. Kashusha cherehani sebuleni, akapakia mashine yake ya bisi, akasema mke wangu arudi, yeye Malimi amechoka kuniona nikizurura. Nimeifuta vumbi. Sindano bado ina uzi mweupe wa zile sare. Nimelia kidogo, hakuna aliyeona.

Kesho nampigia Odeta.

Jumatano, 17 Juni

Ajabu ya Mungu! Kabla sijapiga simu nimekutana na Venant, anafunga biashara yake ya michezo ya watoto. Ana nyumba ya upepo, ile kubwa ya plastiki ya kurukia, ina minara minne! Nikaona yote kwa mara moja. Matembezi ya familia nyumbani! Hakuna bwawa, hakuna bukta, hata Mama anaweza kuruka na kitenge chake. Venant alihitaji cherehani. Tumeshabadilishana. Feni ya kuijazia upepo haipo, lakini pumzi ninayo.

Nimempigia Odeta, nikamwambia waje Jumamosi, kuna kitu kinawangoja. Akauliza kwa sauti ndogo kama ndicho kile. Nikamwambia aje ajionee. Nikamsikia akimwita Queen afungashe nguo zote, wanarudi nyumbani.

Mnaona? Mnara wa kwanza umeshaanza kusimama.