Zawadi ya Idd kwa Bwana Mbarak

Jumatatu, 24 Machi

Magongo, huku pwani. Joto. Bwana Mbarak, bosi wetu, amerudi kazini. Alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Ameingia ghalani polepole, mkono ukutani. Sote tulimwambia amenawiri. Hajanawiri. Kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa.

Sasa jambo zito. Ghala letu la chai lina makarani wawili wa muda: mimi, Maxwell Wafula, na Nicanor Tinga. Baada ya Idd ataajiriwa mmoja tu. Mwenye kuamua ni Bwana Mbarak. Nikikosa, mimi na mke wangu Philister tunafunga virago turudi Webuye. Na nilipoondoka kule Januari niliaga kijiji kizima, tena kwa hotuba!

Nimeamua. Zawadi ya Idd. Iwe ya bei nafuu, maana hali naijua mwenyewe, lakini iwe na fikra ndani yake. Nicanor hana fikra. Ana mashati tu.

Jumanne, 25 Machi

Nimenunua jogoo. Kwetu, mtu unayemheshimu humpi soda. Unampa kuku, tena mzima, anayepiga kelele. Philister alisema hatimaye nimefikiri kama mtu mwenye familia. Nikamfunga jogoo nyuma ya nyumba.

Jioni akaja shemeji Brandon kutoka nyumbani. Bila taarifa, na begi kubwa! Kwetu, mgeni naye halishwi mboga za sukuma. Mimi nilipewa shingo. Brandon anasema jogoo alikuwa mgumu kidogo.

Jumatano, 26 Machi

Nicanor ametangazia ghala zima kwamba ataleta sinia la tende na halua, limefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nyamvula, mama wa Kaloleni anayetupikia chai, aliniuliza mimi naleta nini. Nikasema ni siri. Akasema siri ya mfuko mtupu haihitaji kufuli. Sikucheka.

Alhamisi, 27 Machi

Ushindi!

Bwana Mbarak huvaa kanzu nyeupe kila Ijumaa. Kanzu za dukani sina uwezo nazo. Lakini karibu na msikiti nimegundua kiduka kimya, hakina hata muziki, kimejaa vitambaa vyeupe safi. Wazo likaja lenyewe: nimpe kitambaa, ashone mwenyewe!

Mwenye duka ni mzee makini. Aliniuliza mtu mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi. Nikasema mwanamume, mrefu, ingawa siku hizi amekonda. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaniuliza kama ni leo. Nikasema hapana, ni Jumamosi. Akashtuka, akauliza mbona tunachelewesha hivyo. Nikamweleza kwamba tunangoja siku ya mwisho ya kazi. Akasema kila watu na taratibu zao.

Akakata vipande vitatu vikubwa. Ukarimu ulioje! Akaongeza marashi, udi, bunda la pamba na vijiwe vyeupe vya harufu kali viitwavyo kafuri. Vyote vinakwenda pamoja, alisema. Aliuliza kama marehemu ni baba yangu. Hapo nilidhani anamuuliza mteja mwingine, nikageuka, sikuona mtu. Nikajibu tu kwamba ni bosi, lakini kwangu ni kama baba. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akakataa kuchukua faida, akaomba dua ndefu ya Kiarabu. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa.

Pwani wanajua kuuza.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefunga zawadi kwa utepe wa kijani. Philister ananusa, anasema inanuka hospitali. Nimemwambia asiyejua mambo ya pwani anyamaze. Brandon bado yupo.

Jumamosi, 29 Machi

Nimetoa.

Nicanor alitangulia na sinia lake. Bwana Mbarak akashukuru, akaliweka kando. Kisha akafungua zawadi yangu, mezani, mbele ya wote. Akatoa kitambaa. Akatoa pamba. Alipofika kwenye kafuri mkono ukasimama. Nyamvula akafunika mdomo kwa leso. Nikajua nimewapiku wote.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amenituma. Nikasema la, ni moyo wangu mwenyewe. Akauliza kama daktari amezungumza nami. Swali la ajabu, lakini karani mzuri hakosi jibu. Nikasema haihitaji daktari, kila mwenye macho anaona. Nikaongeza kwamba ni vizuri mtu ajiandae mapema, kwamba siku atakayokivaa watu wote watakuja kumtazama, na kwamba naomba kisikae kabatini muda mrefu.

Alikunja vile vitambaa taratibu, kimoja kimoja, akaondoka navyo kifuani.

Langoni Nyamvula alinikamata kola. “Wee Wafula! Umempa mgonjwa sanda! Na pamba yake, na kafuri yake! Hivyo ni vya kuoshea na kuzikia maiti!”

Nikamwambia anatania. Hakuwa anatania.

Jumapili, 30 Machi

Sikula. Kanisani sikuimba. Ninamwona Bwana Mbarak akikunja vitambaa. Alikuwa mwema kwangu. Januari, siku yangu ya kwanza, alinipa nusu ya mhogo wake. Nami nimempelekea kifo kwa utepe wa kijani. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka. Philister ameanza kukunja nguo zetu. Brandon ameuliza kama Webuye tutapitia Nairobi.

Jumanne, 1 Aprili

Idd imekwisha. Niliitwa ofisini. Nikamwamkia shikamoo. Nilikuwa nimekariri njiani maneno ya kuomba radhi.

Bwana Mbarak alisema tangu atoke hospitali kila mtu anamwambia amenawiri. Wanawe wanamwambia, hata sisi. Daktari alitaka kumpasua moyo, yeye akakataa, akawaficha wanawe. Usiku wa Idd aliitandaza ile sanda kitandani, akaitazama, akalia. Kisha akawaita wanawe akawaambia yote. Akampigia simu na ndugu yake wa Likoni, waliyekosana naye kwa miaka kwa ajili ya shamba. Wakasameheana. Sasa amekubali, anapasuliwa Jumatano ya wiki ijayo.

“Mwanangu,” akasema, “wote wamenletea halua. Wewe peke yako hukunidanganya.”

Machozi yalinitoka, ya kweli. Nikafungua kinywa nimwambie kwamba nilidhani ni kitambaa cha kanzu. Nikaona kalamu mkononi mwake, na mkataba una jina langu. Nikakifunga. Nikasema huo ulikuwa wajibu wangu.

Akatia sahihi. Nicanor amehamishiwa ghala la rafiki yake bosi kule Airport, kwa hiyo hata yeye hana cha kulalamika. Analalamika.

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana Mbarak amelazwa leo. Nimemwombea kwa dhati, magoti chini. Nampenda yule mzee.

Lakini mtu hapelekwi kupasuliwa hivi hivi. Nimewaza sana. Safari hii sikurupuki: nimechunguza mila kwanza. Kando ya barabara ya hospitali kuna mama anauza maua. Nimepata shada kubwa la mviringo, linasimama lenyewe kwa miguu mitatu, na utepe wa zambarau unaotosha kuandikwa jina lote la Bwana Mbarak. Bei ya kutupa, maana aliyeliagiza hakuja kulichukua.

Philister alipiga kelele kwamba hilo ni la kuweka kaburini. Nimemweleza kwa utulivu kwamba hiyo ni mila yetu sisi Wakristo. Bwana Mbarak ni Mwislamu. Wao hawaweki mashada. Kwa hiyo kwake haliwezi kuwa na maana yoyote mbaya.

Brandon atanisaidia kulibeba hadi wodini.