Mashine ya Dobi Imezikataa Salamu Zangu

Mpwa wangu mpendwa, mtaalamu wa kompyuta,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na zile ambazo mashine yako imezirudisha.

Nakushukuru kwa programu uliyoniandikia kwa lugha ya C ili mjomba wako niache kupekua daftari hapa kwenye duka la dobi. Menyu yake naielewa: 1 kupokea nguo, 2 kutafuta, 3 kukabidhi, 4 kufunga. Ila tangu uifundishe kukagua kila ninachoandika, heshima yangu hapa kaunta inaniponyoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Asubuhi naiwasha, naiandikia "Habari za asubuhi". Inajibu: "Ingizo si sahihi. Chagua 1 hadi 4." Miaka thelathini sijamwagiza mtu kazi kabla ya kumjulia hali. Ile programu yako ya kwanza nilipoisalimia ilimwaga menyu kwenye skrini bila kukoma mpaka nikachomoa waya, lakini angalau ilichangamka.

2. Nikaandika "mbili". Ikakataa. Nikaandika "2 tafadhali". Ikakataa. Nilipofuta "tafadhali" ikakubali. Wewe tulikulea hivyo?

3. Iliniuliza idadi ya nguo. Mteja alikuwa ameleta mashati matatu na koti lililong'oka mkono mmoja, nami nikaandika 3.5, maana sipendi uongo. Ikakataa. Kesho yake niliunguza shati la watu kwa pasi, nikaandika -1. Ikakataa tena. Yaani mtu mzima anakiri kosa lake kwa hiari, na mashine haitaki kusikia.

4. Wateja wameshajifunza. Jana nilimweleza mwalimu mmoja kwamba gauni lake litakuwa tayari Ijumaa, foleni nzima ikaitikia, "Ingizo si sahihi." Nyumbani nako, nikiomba kuongezewa chai, mke wangu ananiambia nichague 1 hadi 4.

Kwa hiyo naomba uondoe ukaguzi wote kabla ya Jumatatu. Programu iamini kila neno la mtu mwenye mvi. La sivyo narudi kwenye daftari langu, na kompyuta hii itazuia mlango usijifunge.

Nisalimie dada yangu, yaani mama yako, shemeji, wadogo zako wote, na huyo aliyekufundisha C, ingawa nina neno naye.

Wako niliyekataliwa mara nyingi,
Mjomba

Tanbihi: Nilikwisha kufunga bahasha, nimeifungua tena. Mwenye duka, yule mama anayekaa ghorofani, ameshuka sasa hivi, akasema foleni inakwama kwa sababu nimezeeka, akaketi mwenyewe kwenye kiti changu. Akaandika "Suruali ya yule bwana mrefu". Ikamwambia si sahihi. Akaandika "Mimi ndiye mwenye duka". Ikamwambia achague 1 hadi 4. Akajaribu mara nne nyingine, ikakataa zote. Mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma. Miaka yote niliyokaa hapa hakuna aliyewahi kumwambia mama yule kwamba amekosea, na leo ameambiwa mara sita mbele za watu. Amerudi juu, kiti ameniachia. Tafadhali usiguse hata herufi moja.