Amri ya Kufunga Vijilango vya Hamira

Wananchi wa Bukiriro walitangaziwa rasmi kwamba hamira inayochachusha pombe yao ya ndizi ina milango, na kwamba milango hiyo imekuwa ikifunguka bila kibali.

Tangazo lilitolewa na Bwana Alfonce, Kaimu Mratibu wa Kitengo cha Nidhamu ya Viumbe Visivyoonekana, aliyekuwa ametoka semina, beji bado shingoni. Alieleza kwamba ngozi ya kila chembe ya hamira ina vijilango vidogo mno. Ngozi ikivutwa au kubanwa, vinafunguka vyenyewe. Bahati nzuri, wataalamu wamepata kemikali za kuvifunga. Kwa nini vinafunguka, hilo lilifundishwa baada ya chakula, na baada ya chakula Alfonce alisinzia kwa heshima zote.

"Kitu kinachofunguka ovyo ni hatari kwa taifa," alisema. "Kuanzia leo kila pombe itiwe unga wa kufunga. Hauna madhara kwa binadamu. Na hakuna msamaha, hata kwa pombe yangu mimi."

Watu walipiga makofi. Makofi hayana ushuru.

Pombe yake mwenyewe ilikuwa kwa Benedicta, mpika pombe. Jumamosi ingepelekwa Nyamahanga, kumposea mwanawe Elick, na ukweni kule hawataki mchezo: pombe ikiwa mbaya, binti hatoki. Benedicta alikamua ndizi kwa majani, akachanganya mtama uliokaangwa, kisha akaenda ofisini kuuliza kama kweli hata ya ukweni itiwe unga. Mlango ulikuwa umefungwa, na kibao juu yake: SUBIRI UITWE. Kwenye benchi alimkuta Clever, afisa mwenzake Alfonce waliyekwenda naye semina, naye anasubiri. Wakakaa kutwa. Ndani, Alfonce aliwasikia wakikohoa akafurahi, maana ofisi isiyo na watu wanaokohoa nje haina hadhi.

"Basi, amri ni amri," alisema Benedicta. Akarudi nyumbani, akatia unga.

Jumamosi wakafika Nyamahanga. Clever ndiye alikuwa mshenga, na siku hiyo mshenga tu ndiye husema; baba wa kijana hukaa kimya kama mgeni wa heshima. Ila aliyeleta pombe huonja kwanza, wenyeji wajue hakuleta sumu. Alfonce aliinamia mrija, akavuta, akabaki ameinama. Ilikuwa tamu. Tamu kabisa, kama juisi ya ndizi wanayopewa watoto.

Baba wa binti, mzee Bonaventura, naye akaonja. Akafuta midomo taratibu.

"Mkwe, umekuja kuposa au kunyonyesha?"

Clever akamnong'oneza Alfonce, "Mzee, vile vijilango ni vya kupumulia. Hamira ikijaa maji kupita kiasi, inapunguzia pale. Ukivifunga, inapasuka, na pombe haichachi."

"Mbona hukuniambia?" Alfonce naye alinong'ona.

"Nilikuja ofisini. Kibao kikasema nisubiri niitwe."

Alfonce alitaka kujieleza. Alikuwa na maelezo mengi, mengine ya kisera, lakini desturi ilikuwa imemfunga mdomo. Akajaa. Jasho likamtoka, shingo ikavimba, beji ikainuka kifuani. Akaionea hamira huruma ya kweli.

"Mmetukosea," alisema Bonaventura. "Mtaleta pombe nyingine, na faini."

"Mbuzi, baba?" aliuliza Clever.

"Mbuzi tunao. Banda lao ndilo halina mlango."

Clever alimtazama Alfonce. Alfonce alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini kutikisa kichwa si kusema.

"Baba, shida yako imekwisha," alisema Clever. "Uko mlango mmoja imara sana Bukiriro. Hauna kazi yoyote."

Pombe ya pili haikutiwa unga. Ilichacha mpaka ikatoa povu, na Elick akapewa mke. Mkoani Kitengo kiliripoti kwamba mlango uko kwenye majaribio ya uwandani, jambo ambalo ni kweli: uko Nyamahanga, unazuia mbuzi, na kibao chake bado kipo. Siku hizi wananchi wa Bukiriro wanakohoa ndani, juu ya meza ya Alfonce.