Jitambulishe kwa Kiingereza: Hotuba ya Kufunga Mpango Uliofanikiwa

(Kanisani, juu kidogo ya soko la Nunguni. Mkutano uliitwa saa tatu asubuhi. Sasa ni saa saba unusu. Mke wa mchungaji anampa Mratibu Mkuu maikrofoni.)

Mgeni wetu wa heshima kutoka kwa wafadhili, Bi. Waithera Gikonyo, uliyetoka Nairobi na kalamu yako, Mchungaji Nthiwa, mwenye kanisa, wazee wa kanisa na wazee wasio wa kanisa, chifu, ambaye nimeambiwa yuko njiani, msaidizi wa chifu, ambaye pia yuko njiani, lakini njia nyingine, wenyeviti wa kamati, makaimu wenyeviti, na wale wanaodai bado ni wenyeviti, kina mama wa maendeleo, vijana wa bodaboda, walimu, kama mko, watoto, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Jitambulishe, Kanda ya Milimani na Viunga Vyake, Daktari wa Heshima Josephat Muli Nyamai: itifaki yote imezingatiwa. Hamjambo? (Wachache: "Hatujambo.") Hamjambo tena? (Wale wale.)

Kuna watu wamenung'unika kwamba nimechelewa. Sikuchelewa, nilikuwa kwenye consultation, na consultation ikiwa ya high level haiangalii saa. (Mzee mmoja anakohoa kwa muda mrefu.) Pole, mzee.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Miaka miwili iliyopita, nikiwa katika workshop Naivasha, niliulizwa na mtu wa maana swali lililonifanya niweke kikombe cha chai chini: mtoto wa miaka mitano wa huku kwenu akikutana na mgeni, atasema nini? Nikajibu kwa uchungu kwamba atajificha nyuma ya leso ya mama yake. Na papo hapo, bila hata kungoja chakula cha mchana, nikabuni mpango huu unaomwezesha, kumjengea uwezo na kum-empower mtoto mdogo, kwa mtazamo wa holistic, kutamka mbele ya stakeholder yeyote jina lake, umri wake na kwao, kwa lugha ya Kiingereza, pasipo kujificha nyuma ya kitambaa chochote. (Makofi ya dereva wake, kutoka mlangoni.) Asante, Mutie.

Matokeo mnayaona. Tulifanya baseline survey, mid-term review na end-term evaluation, zote tatu siku moja ili tusiwasumbue wananchi, na takwimu zinasema kwamba asilimia mia moja na nne ya watoto wa kijiji hiki sasa wanaweza kujitambulisha. Najua kuna mtu anajiuliza hiyo nne ya juu imetoka wapi. Hao ni watoto waliopita tu barabarani, wakasikia wenzao, wakashika. Kwa lugha ya kitaalamu hiyo inaitwa spillover, na hata Ulaya wanaitafuta hawaipati.

Kwa hivyo leo ni siku ya furaha. Bi. Waithera ataweka sahihi kwenye cheti cha kukamilika, kile pale mezani, na akishaweka, kijiji hiki kitaandikwa kwamba kimehudumiwa, na hatutarudi tena kuwasumbua. (Minong'ono. Mama mmoja anasimama nyuma: "Na mwalimu wa Jumatatu?") Maswali mwisho, mama, mwaitu. ("Mimi naitwa Kanyiva. Mtoto yangu ako na miaka tano, mwaka ujao anangojewa na shule chini huko Nunguni, na hiyo mwalimu mliandika hatujawahi ona. Mkishaweka sahihi, nitauliza nani?")

Mama Kanyiva, nimekusikia, na nimeumia kwamba unanikatiza mbele ya mgeni. Mwalimu wa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, yumo katika ripoti, ukurasa wa kumi na moja, na picha yake ya rangi. (Kanyiva: "Niliiona kwa simu ya mchungaji. Huyo ni dereva wako." Watu wanageuka mlangoni. Mlangoni hakuna mtu.) Dereva wangu ni mtu wa multi-tasking. Tuendelee na programu.

Sasa, badala ya mimi kujisifu, ijapokuwa ningekuwa na haki, tuwasikilize wenye mpango wenyewe, ambao ni watoto. Muli mdogo, wajina wangu, panda juu ya hicho kiti. Usiogope, huyu mama ni mzuri, ana peremende kwenye mkoba. (Mtoto: "Praise the Lord. My name is Muli. I am six years old. I am born again and I love Jesus." Kanisa lote: "Amen.")

Mmesikia mtiririko huo? Hayo maneno ya mwanzo hayamo kwenye mwongozo wetu, nakubali, lakini mwongozo unaruhusu mtoto kuongezea mambo ya mazingira yake, na hilo tunaliita localisation. Mwingine. (Msichana: "Praise the Lord. My name is Wavinya. I greet you in Jesus' name. I am saved." "Amen.") Localisation tena. Bi. Waithera, unaandika nini hapo? Andika tu, andika.

(Bi. Waithera anamwuliza Wavinya: "Who is your teacher?" Wavinya: "My teacher is Syokau. She is there." Anaelekeza kidole kwa mama mmoja wa makamo aliyeketi karibu na dirisha, na vidole vyake vimejaa chaki.)

Ndiyo, huyo ni Mama Syokau wa Sunday school, ambaye ni mshirika wetu katika ngazi ya mashinani. Anafundisha Jumapili baada ya ibada, kwa kujitolea, na moyo huo ndio mpango wetu ulikusudia kuuamsha. (Syokau, bila kusimama: "Nimewafundisha miaka saba. Mpango yako nimeisikia wiki iliyopita, mlipokuja kuuliza kama watoto wanajua kuongea.") Mnaona? Miaka saba. Tuliwahi mapema mpaka tukawahi kabla ya kuanza.

Wa mwisho, halafu chakula. Huyu ni nani? Kasyoka, wa Mama Kanyiva. Sawa, hatubagui. Sema jina, umri, na kwenu, basi, mambo ya wokovu uyaache.

(Kasyoka anafumba macho, anashika mikono nyuma kama wanavyosimama watu wa ushuhuda. "Praise the Lord. My name is Kasyoka. I am five years old. I have a prayer item. We learn on Sunday only. Pray for us to get a teacher of Monday." Kanisa lote, kwa mazoea: "Amen.")

Kwa wale wasioelewa Kiingereza, mtoto amesema anawasalimu na anamshukuru Mratibu Mkuu. (Kanyiva: "Sijasoma sana, lakini Monday naijua. Amesema wanasoma Jumapili peke yake, muwaombee wapate mwalimu wa Jumatatu.") Basi, na hilo pia amelisema, na ni jambo la kujivunia, kwa sababu mtoto anayeweza kulalamika kwa Kiingereza ameshajitambulisha na kupitiliza. Bi. Waithera, mbona unafunga kalamu? Cheti kiko hapa. Ni sahihi moja tu, hapo penye mstari. Bi. Waithera? (Bi. Waithera amehama. Ameketi kando ya Syokau, anamwuliza jina lake lote na namna linavyoandikwa.)

Naona mgeni yuko kwenye field interaction. Nikimalizia, naomba tuinue kaulimbiu yetu ili itutie nguvu. Nikisema "Jitambulishe", nyinyi mseme "Kwa Kiingereza". Jitambulishe. (Yule mzee anakohoa tena.) Jitambulishe. (Kasyoka, ambaye bado amesimama juu ya kiti: "I am Kasyoka. What is your name?") Mimi nilishajitambulisha mwanzoni, mtoto wangu, na kwa kirefu. ("What is your name?" Watoto wengine wanaitikia pamoja, kama wanavyofanya Jumapili. "What is your name?") Nyamai. Naitwa Nyamai. (Kasyoka: "Welcome, Nyamai.")

Asanteni. Hilo bango la mpango hapo ukutani naomba likunjwe taratibu kwa sababu saa kumi linahitajika Malili, kwenye uzinduzi. Nilikuwa nimepanga twende pia na watoto watatu wenye Kiingereza kizuri, ili wenzetu wa kule nao wawe na watoto wa kuonyesha. (Kanyiva amemshusha Kasyoka kutoka kitini: "Huyu haendi mahali. Jumatatu ataingia hapa kanisani, na mimi nitakuja kukaa mlangoni mpaka mlete mtu." Mama wawili wanasimama upande wake. Mchungaji anasema kanisa litafunguliwa saa mbili.) Sawa, tutatafuta wengine huko njiani.

Kwa niaba ya Mpango wa Jitambulishe na kwa niaba yangu, namshukuru Mchungaji Nthiwa na kanisa lake kwa kutuazima jengo, viti, ubao, mwalimu na watoto, maana bila nyinyi mpango wetu leo usingekuwa na kitu chochote ila hilo bango. (Mke wa mchungaji ananyoosha mkono.) Hata maikrofoni? Haya, chukua.