Muhuri wa Kiwanda cha Siki

Jumatatu, 4 Machi
Siku kumi zimebaki! Alhamisi ya wiki ijayo kampuni yetu ya siki inaingia soko la hisa kule Beijing. Mtu mmoja atapanda jukwaani apige upatu wa shaba, kamera zote zikimwangalia. Nani? Shemeji Deshun! Eti kwa kuwa jina lake ndilo lililoko kwenye leseni kama mwakilishi wa kisheria. Na mimi, Lü Changgeng, makamu wake miaka kumi na moja, niliyebuni chupa ya umbo la bata? Nitashika makoti.

Nimemwambia dada Xiuqin kwamba mumewe ananionea. Akaniambia nikande unga.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Hapa kwetu sahihi ni mchoro tu. Muhuri ndio kampuni. Anayeushika ule mwekundu wa duara, wenye nyota katikati, ndiye mwenye neno. Nitaandika azimio la kujipa cheo cha Shemeji, niligonge muhuri, nilipeleke ofisi ya leseni. Tatizo ni moja: Shemeji hulala nao chini ya mto.

Jumatano, 6 Machi
Sijaona mzembe kama huyu! Ameuacha muhuri mezani, kando ya wino. Kifuniko cha wino wazi! Kisha akatangaza kwa sauti kubwa kwamba anakwenda kutembea kwa muda wa saa mbili kamili, na hatarudi mapema hata nyumba ikiungua. Nikagonga azimio. Nikagonga maombi ya kubadili jina kwenye leseni. Nikagonga na kiganja changu, kwa papara. Aliporudi alikohoa mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Kifua kinamsumbua, maskini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefanikiwa! Karani wa leseni aliniuliza mara tatu: “Baba, faili la kampuni hii umelisoma kweli?” Nikamwambia chupa ya bata ni yangu. Akashusha pumzi, akachapa leseni.

Nilijiandaa kwa vita nyumbani. Wapi! Shemeji kanikumbatia, machozi yanamtoka: “Hongera, Mwenyekiti! Tulikuchelewesha sana.” Kachemsha nyama ya kondoo. Kisha akanikabidhi furushi la barua kutoka mahakamani, akisema sasa ni kazi ya mkubwa. Nimelisukumia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Imetulia vizuri sana.

Jumatatu, 11 Machi
Umaarufu! Picha yangu iko kwenye ile skrini kubwa ya uwanjani! Uso wangu, ukubwa wa ghorofa mbili! Kuna maandishi chini yake, ila miwani niliiacha nyumbani. Watu wananipiga picha. Muuza mikate ya mvuke alinambia: “Mzee, huna haya kupita hapa?” Nikamjibu kuona haya ni kwa watu wadogo.

Shemeji na dada wamepanda ndege kwenda kupumzika ufukweni Hainan. Kumbe Shemeji alikuwa hajapanda ndege miaka miwili. Hakunieleza kwa nini.

Jumatano, 13 Machi
Balaa! Stesheni ya treni ya Taiyuan, safari ya Beijing, suti mpya mwilini, mashine ya tiketi inanikatalia. Binti wa dirishani akanisomea taratibu, kama mtoto. Mahakama iliiamuru kampuni yetu impe mteja mitungi mia tatu ya siki ya miaka kumi. Hatujawahi kuwa na hata mmoja wa miaka minne! Mpaka mitungi hiyo itoke, mwakilishi wa kisheria haruhusiwi ndege wala treni ya kasi. Jina na picha vinatundikwa hadharani.

Nikamwuliza kama naweza kukaa behewa la mwisho kabisa. Akasema treni yote ni ya kasi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekuja kwa treni ya polepole, wima usiku kucha, bata wangu wa kioo kifuani. Mlangoni mwa soko la hisa wakaniambia maombi yetu yalikataliwa mwezi uliopita, kwa kesi hiyohiyo, na Deshun alijulishwa. Upatu ulipigwa na kampuni ya soksi. Niliusikia nikiwa nje. Nimelia, sikatai. Nilimpigia dada, akasema maji ya bahari ni ya vuguvugu.

Jumamosi, 16 Machi
Nimerudi nyumbani, na usingizi umenipa akili. Kosa langu nimelijua: nilitumia muhuri mdogo! Amri ya mahakama ina muhuri wa mahakama. Basi muhuri wa mahakama ndio utakaoifuta. Nimeandika barua ya mahakama kunisamehe, nikaenda kwa mchonga mihuri nyuma ya soko la samaki, nikaagiza mmoja, kipenyo kikubwa, nyota iwe nene.

Fundi mwungwana kupita kiasi. Aliandika jina langu kamili, namba ya kitambulisho, anwani. Akaenda chumba cha ndani kupiga simu. Akarudi akaniuliza kama kesho asubuhi nitakuwa nyumbani, maana kuna watu wawili watanifuata wenyewe kwa gari lao, bure. Nimeshawanunulia chai.