Kuku wa Siri wa Heron Ridge

Jumatatu, 6 Aprili

Na si rangi ya mlango tu tunayopangiwa katika mtaa huu! Hata pipa la taka lina saa zake za kuonekana. Likichelewa kurudi ndani, barua kutoka kwa kamati ya wakazi, inayotunga kanuni za mtaa. Nyasi zikipita kifundo cha mguu, barua. Mtaa unaitwa Heron Ridge, yaani Kilima cha Korongo. Kilima sijakiona. Ndege korongo nadhani naye aliandikiwa barua.

Lakini nina Royce! Mume wangu! (Bado nashtuka nikiandika neno hilo. Mume!) Leo asubuhi kanikaangia mayai, akayapanga sahanini yakawa moyo. Nusura nilie. Mayai yenyewe ya kuku wetu: Opal, Hazel na Biskuti, zawadi ya harusi kutoka kwa baba. Kamati hairuhusu kuku. Kwa hiyo wanaishi uani, ndani ya kibanda cha watoto kuchezea, chenye vidirisha na mapazia ya waridi. Kamati ilikipitisha bila swali. Wazo langu! Watoto hatuna. Hawakuuliza.

Ila wiki jana tulipata onyo la "sauti zisizo za kawaida". Royce kanishika mkono, akasema kwa upole kwamba likija onyo la pili, kuku warudi shambani kwa baba. Nikakubali. Ungeyaona macho yake, na wewe ungekubali. Lakini nani alitusema? Namshuku Mzee Thurman wa ng'ambo ya barabara. Mstaafu. Ana darubini. Anadai anatazama ndege. Ndege gani? Kuku naye ni ndege!

Jumatano, 8 Aprili

Mbinu mpya. Opal hawezi kutaga bila kutangaza. Basi akianza tu kutetea, mimi nachomoka uani na kucheka kwa nguvu ili kumfunika. Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Thurman akavuka barabara, akasimama kwenye uzio: "Binti, uko salama?" Nikamwambia ni furaha ya ndoa. Akasema aliishi na marehemu mkewe maisha yao yote, wakapendana sana, na hakuwahi kumsikia akicheka namna ile. Kisha shingo ikarefuka kuelekea kibandani. Niliiona! Ndiye huyu.

Jioni hodi. Bi Maxine Oberholt, mwenyekiti wa kamati! Nikadhani ni barua. Kumbe kaniletea tambi za kuokwa na jibini, bakuli zima la kioo, za kutukaribisha mtaani. Akaninong'oneza kwamba tangu alipoona ombi la kile kibanda alishaelewa, akanipapasa tumbo. "Hongera, kipenzi! Mwezi wa ngapi?" Nikasema bado mapema mno. Sikudanganya. Mama mwema ajabu. Yeye simshuku hata kidogo.

Jumamosi, 11 Aprili

Kwetu shambani bakuli la mtu halirudishwi tupu. Ni aibu ya kusemwa kanisani. Nilioka keki ya pichi kwa ajili ya Bi Maxine, lakini Royce kaila yote, na mimi nikakaa namtazama tu. Anapendeza hata akiwa na makombo kidevuni.

Basi nikalijaza bakuli mayai. Ya Opal ya buluu ya mbingu, ya Hazel ya kijani, nikafunga na utepe. Bi Maxine akafurahi sana. Akauliza rangi ya kupakia mayai ya Pasaka nilinunua duka gani, maana imekolea. Nikamwambia hapana, mama, hayajapakwa, ndivyo yanavyotoka. Akauliza yanatoka wapi. Hapo nikawa macho! Nikajibu, "Nyuma." Basi. Sikuongeza neno. Akashika moja, akasema mbona lina joto. Nikamwambia la sasa hivi hilo.

Mdomo wangu ni kufuli.

Wakati narudi, Mzee Thurman yuko barazani na darubini yake. Akanipungia mkono. Haya hana!

Jumatatu, 13 Aprili

Onyo la pili. "Ufugaji wa kuku." Wameandika mpaka rangi ya mayai, buluu na kijani! Nani angezijua rangi kama si mtu mwenye darubini?

Nikamsomea Royce. Akaisoma tena mwenyewe. Akauliza taratibu kama kuna mtu yeyote niliyempa mayai. Nikamwambia hakuna, ila Bi Maxine tu, na Bi Maxine ndiye mwenyekiti, hana wa kumpelekea umbea. Akanitazama muda mrefu. Kisha akanibusu kwenye paji la uso. Hakuna mtu duniani anayenielewa kama huyu.

Nimelia kidogo. Biskuti alikuwa ameanza kuniitikia nikimwita.

Jumatano, 15 Aprili

Baba kaja na gari lake la shamba, tope mpaka kwenye vioo. Akatazama nyumba zote zilizofanana, akauliza: "Mwanangu, umeolewa au umefungwa?" Kwake anachoma taka zake mwenyewe, anapaka mlango rangi anayotaka, na hakuna wa kumwandikia. Royce akambeba Opal kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Opal akamnyea kwenye tai. Royce akampapasa mgongo tu. Nimeolewa na malaika!

Gari linawashwa, Mzee Thurman huyo, na mfuko wa mahindi. Eti aliwanunulia kuku wetu, ameshindwa tu namna ya kutuletea bila kutuaibisha. Eti aliwasikia tangu siku ya kwanza, na walimkumbusha kwao. Tangu siku ya kwanza! Kakiri mwenyewe, mbele ya baba! Mahindi nikapokea. Kinywani nikasema asante, moyoni nikasema nimekukamata.

Uani kimya. Nimekaa kibandani mchana kutwa. Mapazia yale yale, hakuna mtu. Halafu nikasoma kanuni upya. Mbwa mdogo anaruhusiwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima abweke! Nikampigia baba: anichagulie mbuzi mfupi, mpole, aanze kumzoesha ukanda wa shingoni. Kesho nitampitishia wazo Bi Maxine, maana ndiye pekee mtaani ninayeweza kumwamini. Na Opal aambiwe asinune: mimi na Royce wangu tunakuja huko kabla mwezi huu haujaisha.