Kurasa Zilizoshikana

Jumatatu, 4 Machi

Mchungaji Jessé ametangaza: vile vitabu vya zamani vya Kifaransa, vilivyosahaulika kwenye masanduku ya kanisa, vitapata chumba chao. Anatafutwa mtu wa kushika ufunguo. Kila anayetaka achukue kitabu kimoja, Jumapili akieleze mbele ya kamati. Tuko wawili: mimi, karani wa shule miaka ishirini, na Zébédée, mwalimu mstaafu anayesoma huku midomo ikicheza.

Nimechagua kinene kuliko vyote. Jalada limefutika, jina halisomeki. Zébédée kachukua kijitabu cha kufuga bata. Namwonea huruma.

Jumatano, 6 Machi

Maoni yangu: kitabu hujulikana kwa uzito wake. Ukurasa wa kwanza mwandishi anamshukuru marehemu mke wake. Basi ni hadithi ya huzuni. Ya nini kuendelea?

Nilikaa mlangoni na miwani, wanaokwenda sokoni wanione. Hakuna aliyesimama. Zébédée akapita, anasoma huku anatembea, akagonga baiskeli iliyobeba magunia ya makaa. Watu watatu wakamwinua na kumwuliza bata wanaendeleaje. Mji huu hauna haki.

Jumapili, 10 Machi

Aibu. Nilizungumza dakika ishirini. Nikasema sura ya kumi na moja, pale mke anapokata roho, ilinitoa machozi. Kamati wakaguna kwa huzuni. Ndipo Mama Béthanie, wa kikundi cha akina mama, akaomba aione sura hiyo.

Kidole chake hakikupenya. Kumbe vitabu vile vilitoka kiwandani kurasa zimeshikana ukingoni, msomaji azikate mwenyewe kwa kisu! Akasema polepole: "Baba Matthias, iyi kitabu haiyafunguliwa hata siku moya." Nikajibu kwamba mimi huchungulia kwa pembeni. Akaleta kisu cha jikoni, akakata, akasoma kwa sauti. Sura ya kumi na moja ni ya kukausha samaki.

Mchungaji akasema tuombe. Hata kwenye maombi nilisikia mtu anacheka. Ufunguo kapewa Zébédée.

Jumatatu, 11 Machi

Sikwenda kazini. Mke wangu Kapinga akaniuliza kama vitabu ninavyobeba kila asubuhi kwenda kazini huwa ninavisoma. Miaka kumi na minane ya ndoa, leo ndiyo anauliza.

Niliutaka ufunguo ule. Nilitaka watu wabishe hodi, waseme tumwulize Matthias Kitwa, yeye anajua. Imeniuma na bado inauma.

Mchana Zébédée kaja na kile kitabu changu kinene. Hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akasema tusome pamoja, sura moja kila siku, palipo pagumu atanionyesha. Kunionyesha mimi! Nikamwambia sina nafasi, ila kitabu aniachie.

Jumatano, 13 Machi

Nimenunua wembe. Nimekata kurasa zote, mia nne na kumi, tangu asubuhi, mpaka kidole gumba kikatoka damu. Sikusoma hata mstari, ningechelewa. Kanisa moja la mji wa Kabondo-Dianda nalo linatafuta mtunza vitabu, na huko hakuna anayenijua. Nitawaambia kitabu hiki nimekisoma mara mbili, na kwamba kuanzia sura ya kumi na mbili huzuni inazidi.